Barabara Uliyoikataa

Baba Nyambura,

Nianze na lile litakalokukasirisha, kisha tuongee mengine. Barabara inakuja. Ile uliyoikataa. Wapimaji walifika wiki hii na vigingi vyao vyenye utepe mwekundu, wakavipigilia kuanzia pale lami inapoishia hadi kwenye daraja la miguu. Kimoja kiko hatua chache tu kutoka kwenye kaburi lako. Nilisimama nikawatazama. Sikuwafukuza, niliwapikia chai.

Najua ulivyo ukikasirika. Hupigi kelele. Unanuna, unatafuta spana, unaigeuza baiskeli miguu juu na kuanza kuitengeneza hata kama haina ubovu wowote. Haya, nuna. Lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana huna pa kwenda.

Wageni wako wa baiskeli bado wanakuja. Ulipotuacha nilitaka kuwapigia wote simu niwaambie kazi imeisha. Nyambura naye alinisihi kutoka huko Murang'a anakofundisha: "Mum, wachana na hizo baiskeli, upumzike." Nipumzike nikifanya nini? Nikitazama kiti chako? Nilishusha kiti cha baiskeli yako kikanitosha, nikaanza kuwaongoza mimi mwenyewe. Wanawake wa kanisa wamenicheka vya kutosha, mjane mzima na kofia ya plastiki kichwani. Nimepaka upya ile mishale ya njano uliyochora kwenye mawe. Gia bado hazinipendi. Kwenye ule mlima wa kiwanda cha zamani cha kahawa mnyororo hutoka kila mara, na mimi hutukana kidogo kwa Kikuyu ili wageni wasielewe, kisha naurudisha.

Unakumbuka uliponifundisha? Nilikuwa nimeshazaa, nimejifunga leso juu ya suruali yako, na wewe unakimbia nyuma umeshika kiti. "Ukianguka, anguka upande wa chai. Chai haina mawe." Nilianguka upande wa chai mpaka wachumaji wakaacha kuchuma. Ukacheka, ukanitoa majani kwenye nywele, moja moja.

Njia yako bado ni nzuri, sikatai. Kutoka kanisa la mawe la wamisionari, juu ya mgongo wa Tetu katikati ya chai, mpaka chini mtoni, bila gari hata moja. Ulitaka kuiunganisha na njia nyingine za namna hiyo mpaka Murang'a, na kutoka Murang'a mpaka Kangari, mtu aendeshe siku kadhaa asikie ndege na mto tu. Na pale kwenye handaki kila mtu ashuke. Hukujali ni mzungu au ni kijana wa Nairobi mwenye baiskeli ya bei ya ng'ombe. "Hapa tunasukuma." Ukiwa unasukuma ndipo unawaeleza jinsi wanawake wa huku walivyofungiwa kijijini wakati wa Emajensi ya mkoloni, wakalazimishwa kulichimba handaki hilo kwa majembe, cucu yako akiwa mmoja wao, na mtoto mgongoni. "Huyo mtoto ndiye mama yangu."  

Kwa hiyo nilijua kwa nini uliikataa barabara. Tingatinga halijui handaki, linajua shimo la kujaza. Watu walidhani unatetea wageni wako. Karanja alikwambia hivyo mbele ya chifu na baraza zima: "Baba Nyambura, wewe unapenda hii matope juu wageni wanalipa kuiona. Sisi tunaishi ndani." Huyo ni Karanja jirani yetu, ambaye maziwa yake huharibika kila masika kwa sababu gari la maziwa haliwezi kushuka. Nawe ukasimama, ukanyoosha mkono, ukasema hiyo barabara haitapita hapa ukiwa hai, na hata ukifa haitapita.

 Ulirudi nyumbani umetunisha kifua. Nilikwambia mdomo wako utatuletea shida, ukaenda kuigeuza baiskeli.

Halafu ikaja mvua ndefu, na ile asubuhi. Ulishika kifua karibu na zizi, ukakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Ambulensi ilikuja haraka, hilo siwezi kulaumu. Ilifika mwisho wa lami ikasimama. Dereva alikuwa analiona paa letu kutoka kule juu, na hakuweza kulifikia. Aliyekuja ni Karanja. Alisikia nikipiga mayowe, akaja na wanawe wawili, blanketi na miti ya mwanzi ya kutengeneza machela. Mlikuwa hamjasalimiana tangu baraza. Yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Tulipanda ule mlima matope yakifika magotini, mimi kando yako, uso wako ukiwa karibu na kifua chake. Ulisema neno moja tu njia nzima. "Polepole, mtaanguka." Tukapita kwenye handaki. Tulipofika lamini, ulikuwa umeshaenda.

Hospitali hawakutulaumu. Waliuliza tu mbona tumechelewa.

Kwenye mazishi Karanja alichimba, akashika kamba, akarudisha udongo. Hakutaja barabara. Nilimngojea aseme, walau kwa jicho, "umeona sasa?" Hakusema. Afadhali angesema, ningepata mtu wa kugombana naye.

Sasa sikiliza matokeo ya mdomo wako. Kaunti ilirudi na mpango wa barabara. Chifu akaita baraza, akauliza nani anaitaka, na hakuna mkono ulioinuka. Hata wa Karanja! Jioni hiyo alikuja hapa, akakataa kuketi. "Mama Nyambura, hatuwezi. Mzee alisema akiwa hai ama akikufa. Hiyo ni kirumi." Neno la mwisho la mwenye mji, ambalo akilivunja mtu litamfuata yeye na watoto wake. Mchungaji alilihubiri Jumapili, akasema tumekombolewa kutoka kwa mambo hayo. Wote wakaitika amina. Baada ya ibada aliuliza nani anaitaka barabara, na mikono ikabaki mifukoni.

Fikiria, Baba Nyambura. Watu waliokubeba kwenye matope watabaki kwenye matope kwa kukuheshimu wewe. Mke wa kijana wa Karanja ana mimba kubwa, na nyumba yao iko chini kabisa, karibu na daraja. Nilikuwa namwona akipanda na dumu la maji, anasimama, anashika kiuno, anapanda tena. Wiki hiyohiyo nilikuwa naongoza wageni, na dada mmoja wa Nairobi akavuta pumzi pale juu ya chai, akaniambia, "Mama, nyinyi mnaishi peponi, hakuna gari hata moja."  Nikampa ndizi.

Baraza la pili nilienda. Nilisimama mbele ya wanaume wote wale nikasema uliniambia ukiwa kwenye blanketi. Nikasema ulinishika mkono, ukaniambia, "Waambie wapitishe barabara."

Hukusema. Mimi najua na wewe unajua.

Watu wote waligeuka wakamtazama Karanja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa upande wa kichwa chako, na kama ulisema alisikia.  Karanja alivua kofia. Aliigeuzageuza mikononi mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Kisha akasema, "Ni ukweli. Hata mimi nilimsikia."

Mikono ikainuka yote.

Tangu siku hiyo mimi na yeye hatuangaliani. Akipita na maziwa analisalimia geti langu. Tumekubeba tena, mimi na yeye, na safari hii hukutuambia twende polepole. Kuna saa naona nimekufungua kutoka kwa neno la hasira. Kuna saa naona nimemnyang'anya marehemu kitu ambacho hawezi kukidai, na marehemu mwenyewe ni mume wangu. Ulimaanisha uliyosema barazani. Nimelala nawe miaka yote hii, najua ulipokuwa unatania na ulipokuwa humaanishi, na siku ile ulimaanisha. Lakini ulikuwa hujapandishwa mlima ule kwenye blanketi. Ningekuuliza pale njiani, ungenijibu nini? Sitajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nakukumbuka mpaka naumwa, na bado nina hasira nawe.

Nilimwomba mpimaji wapindishe kidogo wasiguse handaki. Akasema, "Tutaangalia, mama." Unajua maana ya hiyo. Siku tingatinga likifika pale nitakuwepo, na nitaongea mpaka wachoke nami. Wakilifukia, sikiliza ahadi yangu: wageni nitawapeleka ng'ambo ya mto, kwenye vile vijia vya kuelekea Othaya, lakini mahali pale watashuka vilevile. Watasukuma baiskeli juu ya lami, nami nitawaeleza habari za cucu yako, na magari yatangoja nyuma yetu mpaka nimalize.

Basi lala, mume wangu. Siku ukiamshwa na honi usimlaumu Karanja, wala mtu mwingine yeyote. Ni mimi niliyeiruhusu.

Wako,
Mama Nyambura