Mapipa Saba Niliyoyapanga Mimi

Jinja, Jumapili jioni

Kaka Wafula,

Hujambo wewe, afande mstaafu mwenye goti bovu? Limetulia, au bado linakuamsha kila mvua ikitaka kunyesha? Wifi yangu hajambo, na kuku wake? Huko mlimani Wanale njia bado inateleza? Mimi hapa ni mzima wa mwili. Nakula, nafyeka, nalala. Mengine utayasoma.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, ua mzima unasikia, hata anayepita na ndoo yake anasimama. Hii isome kwanza peke yako, nyuma ya nyumba, kwa Kiswahili chetu kilekile cha kambini ambacho baba alitulea nacho alipokuwa askari wa magereza. Aliyekuletea ni mwanangu Masaba. Hajui kilichomo. Bahasha nimeifunga kwa gundi mbele ya macho yake, nikamwambia ni mambo ya shamba. Mpe uji kwanza, ndipo usome.

Unakumbuka nilipokuja kwako Malukhu msimu ule wa imbalu, vijana walipokuwa wanatahiriwa? Nilivaa gomesi ya kijani, ile ya mabega makali. Wewe kwa wema wako ulisema, polepole tu, kwamba ungeweza kumwombea Masaba nafasi magereza, kazi yako na ya baba. Nami nikasimama katikati ya ua wako nikakujibu mbele ya watu: "Mwanangu hafungui milango ya wezi. Mwanangu anafungulia ndege mbingu." Watu walicheka. Wewe ukainamia mrija wako wa pombe ya malwa. Neno lile nililifurahia safari nzima ya kurudi Jinja. Leo limenirudi, kaka, na limekuja na meno.

Lakini sikudanganya. Kazi yake naomba nikueleze upya, maana siku ile nilijisifu tu, sikueleza. Uwanja wetu ni mdogo, wa watu binafsi, huku njia ya kwenda Budondo. Una barabara moja ya ndege na nyumba moja ya bati. Mto uko karibu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ukungu unapanda kutoka majini na kulala juu ya barabara ya ndege, hata ng'ombe aliye karibu nawe unamsikia tu akitafuna. Sasa pembeni mwa barabara ile kuna mapipa ya mafuta yaliyopakwa rangi nyeupe, moja kila mita mia. Masaba alikuwa anapanda kibandani kwake, anayahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka pale jicho linapokwama. Akiona saba, anamwambia rubani kwa redio ya upepo ashuke. Akiona sita, rubani azunguke angani au arudi alikotoka. Hakuna mashine, hakuna taa. Jicho la mwanangu tu. Kuna asubuhi rubani alimbembeleza, ana watalii wenye haraka, na Masaba akamjibu kwamba sita ni sita. Nilisikia mwenyewe nikiwa chini ya dirisha na fyekeo langu. Siku hiyo nilifyeka majani kama msichana.

Unajua nilivyofika hapa. Baba yake alipofariki nilikuja Jinja na mfuko mmoja, nikafyeka majani ya uwanja huu miaka saba, na kwa fyekeo hilo Masaba akasoma mambo ya hewa na ukungu mpaka akapata leseni. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimamisha meneja njiani nikamwambia, mtoto wangu huyu hapa.

Mwaka huu uwanja ukaanza kukua. Likaja greda la kurefusha barabara ya ndege. Zikaja nyaya za taa. Tukaambiwa inakuja pia mashine ya kupima ukungu, nguzo mbili zenye macho ya kioo zinazotazamana, na meneja akasema mbele yetu sote kwamba Masaba ndiye atakayepelekwa Entebbe kuisomea. Bwana wa mashine. Nililala na neno hilo kinywani. Dereva wa greda, Opio, kijana wa Tororo mwenye utani mwingi, akaanza kuniita Mama Rubani. Nilikuwa namkataza huku nikimpakulia chakula.

Basi Ijumaa moja meneja akaagiza sisi wanawake wa majani tuyaondoe mapipa, tufyeke, tuyapake rangi upya na kuyarudisha, kwa sababu wageni wakubwa wanakuja kutazama maendeleo. Masaba hakuwepo. Alikuwa ametumwa Kampala kuchukua betri za redio. Tulipomaliza kupaka rangi tukakuta greda limekwangua pembeni kote. Alama za mahali mapipa yalipokaa hakuna. Nikampigia meneja. Alikuwa kwenye mkutano, akajibu kwa haraka: "Hatua mia, hatua mia, kama zamani." Akakata.

Wenzangu wakataka tumsubiri Masaba. Mimi nikawacheka. Kaka, wewe unanijua. Nani aliyepima mipaka ya mashamba Wanale, kuanzia kwetu mpaka kwa yule jirani wa chini ya jabali? Walikuwa wananiita nipime kwa miguu yangu, na nikishaweka jiwe hakuna aliyelisogeza. Nikawaambia wanawake wale, nyinyi bebeni, kupima niachieni mimi. Nikavua viatu. Nikatembea hatua mia, tukaweka pipa. Hatua mia, pipa. Mpaka jua likazama, na mapipa yakasimama kwenye mstari kama uliovutwa kwa uzi. Nilirudi nyuma nikayatazama nikaona kama nimezaa tena.

Hatua yangu, kaka, ni hatua ya mwanamke mfupi aliyezoea mlima. Hilo sikulifikiria. Huko kwetu sote tulikuwa na hatua moja, mwenye shamba hili na mwenye lile, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa.

Masaba alirudi Jumapili usiku, amechoka. Nikampa malewa ya karanga, ile mianzi michanga ya kwetu mlimani, nikamweleza jinsi nilivyoyapanga. Akaacha kula. Akaniuliza mara moja tu: "Mama, ulipima kwa utepe?"

Nikamwambia: "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kupima?"

Akainamisha kichwa akaendelea kula. Ningempiga kofi ingekuwa afadhali. Kofi lingemwamsha, angeenda na tochi akapime upya. Lakini nilimlea asimjibu mama yake, na hakunijibu.

Jumatatu ukungu ukalala. Masaba akapanda kibandani, akahesabu saba. Alihesabu mara mbili, nilimwona kidole kikienda. Ndege ya watalii ikashuka. Rubani alipoiona barabara alikuwa amekwisha kuchelewa, magurudumu yakagusa mbele mno, ndege ikapita mwisho wa lami ikaingia kwenye udongo mpya na kuligonga greda. Abiria wanne walitoka wazima. Rubani alitoka mzima. Opio alikuwa amelala chini ya greda anatia grisi. Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitalini mchana uleule, juu ya goti.

Siku ya tatu wakaja wakaguzi wawili na utepe mrefu. Wakatupanga foleni, wenye ofisi mbele, sisi wa majani nyuma. Wakavuta utepe kati ya pipa na pipa. Mita sitini na tisa. Lingine, sabini. Lingine, sitini na tisa. Saba yangu haikufika hata tano ya zamani. Na nitakwambia ubaya wa moyo wangu, kaka: hata pale, na mguu wa mtu umeshazikwa, kitu kidogo ndani yangu kilijivuna kwamba hayakupishana.

Wakauliza nani aliyahesabu. Masaba akasema ni yeye. Wakauliza nani aliyapanga. Wanawake wenzangu wote wakatazama miguu yangu. Nikafungua mdomo. Masaba akanitangulia.

"Kuhakikisha mapipa ni kazi yangu," akasema. "Sikuhakikisha."

Wewe ulikuwepo alipotahiriwa. Wewe mjomba wake ndiye uliyesimama nyuma yake. Unakumbuka alivyosimama, fimbo mabegani, mikono juu, macho yametazama mbali, kisu kinafanya kazi na kope haipepesi? Alisimama vivyo hivyo. Siku ya kisu nilipiga vigelegele. Siku hii nilishika brashi ya rangi na mdomo wangu ulibaki wazi, hautoi kitu. Tulipokuwa peke yetu akaniambia, "Nyamaza, mama. Mmoja anatosha. Khainza bado yuko shule." Khainza mdogo wake, unajua, anategemea fyekeo langu.

Sikunyamaza. Kesho yake nilikwenda kwa meneja. Nilivaa ileile gomesi ya kijani. Nikamweleza kila kitu, na simu yake ya hatua mia nikamkumbusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha kiti, akaniita mama. Kisha akasema: "Mama, tangu siku ya kwanza najua ni wewe. Sasa nikiandika kwamba barabara yangu ya ndege ilipimwa na mfyeka majani kwa miguu, wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikiandika kwamba mwenye leseni alizembea, wamemaliza. Mwanao amejitoa mwenyewe. Wewe unataka nini zaidi?" Akanifungulia mlango kwa heshima. Masaba wamemnyang'anya leseni. Hakuna uwanja mwingine utakaomchukua.

Opio nilimwendea hospitalini na bakuli la malewa. Naye nilimwambia ukweli. Alifunua shuka, akanyoosha mguu uliobaki. "Mama Rubani," akasema, "hebu nipimie na huu. Una hatua ngapi?" Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, sijui kwa nini, nikacheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Malewa yangu aliyala, lakini. Bakuli lilirudi tupu.

Sasa mashine imekuja. Zile nguzo mbili zimesimama palepale pa kile kibanda, kibanda kimebomolewa. Macho yake ya kioo yanashika umande na buibui, kwa hiyo lazima yafutwe kila asubuhi kabla ya ndege. Meneja amenipa mimi kazi hiyo. Wageni walipokuja alinisimamisha mbele yao na kitambaa changu, akawaambia kwamba siku hizi hatutegemei tena macho ya watu. Wakanipiga picha. Nilitabasamu, meno yote. Nafuta jicho hili, natembea, nafuta lile. Nikiwa kati ya nguzo hizo wakati wa ukungu, mashine inaniona mimi kuwa ndiyo ukungu, inapiga kelele.

Kaka, sina haki ya kukuomba, lakini naomba. Mpokee. Usimkumbushe milango ya wezi. Kama bado kuna mtu magereza anayekusikiliza, hata mlango wa wezi ataufungua vizuri, hajawahi kuharakisha kitu maishani. Kama hakuna, mpe jembe. Usiku asipolala mwache, anahesabu.

Ninachokuomba zaidi ni hiki. Najua habari imewafikia watu wa huko, kwamba mtoto wa yule mama mwenye maneno alimkata mtu mguu. Najua wanamsubiri. Yeye atakaa kimya awaache waseme, ndivyo nilivyomlea, na utu uzima wake wote atakuwa amebeba pipa langu. Kwa hiyo ukimaliza kusoma peke yako, mwite kila mtu aliyekuwepo siku ile ya gomesi ya kijani. Mweke Masaba kwenye kiti, akitaka kuondoka mshike mkono. Kisha uisome barua hii tena kwa sauti, ile sauti yako ya gwaride, pale katikati ya ua niliposimama. Atanikasirikia. Mwambie ndiyo mara ya kwanza namruhusu.

Msalimie wifi yangu mpenzi, mlezi wa kuku. Msalimie shangazi anayeuza ndizi hapo Malukhu, yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ile, mwambie sasa acheke nami. Mwalimu wetu wa kwaya, mpe mkono. Na yule jirani wa chini ya jabali, msalimie kipekee. Najua akishasikia atatafuta utepe aende kwenye mpaka. Wapime wote. Wakikuta jiwe limekaa vibaya, walisogeze, mimi sitakuja kugombana.

Ni mimi dada yako. Mapipa niliyapanga mimi.

Mama Masaba