Mama Uliyepanda Pikipiki Hadi Masagati

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Barua hii utasomewa na wifi Restituta huko Dodoma, mmoja wa mapacha wake uliokwenda kumlelea akiwa mgongoni kwako na mwingine anakuvuta kitenge. Najua utamkatiza kila mara useme, "Hapo mke wa Sosteni ameongeza chumvi." Mwambie wifi aendelee kusoma. Nimeamua kuiweka hadharani, isomwe na yeyote, kwa sababu hapa Ifakara wapo vijana wanaokuita Bibi na hawajawahi kukuona. Wanakusikia kwenye hadithi tu, na kila anayesimulia anabadilisha. Bora nisimulie mimi niliyekuwepo.

Unakumbuka siku ulipohamia kwetu Lipangalala? Wanao wote walikuwa wameshatawanyika, nyumba ya Mahenge imebaki na sauti yako peke yake, ndipo Sosteni akaja kukuchukua. Ulishuka garini na gunia la mchele na jogoo aliyefungwa miguu, ukatangaza kwamba umekuja kupumzika. Maskini Mama! Ulifika mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yametoka juzi yake, na barazani kwetu vijana wamejaa hadi huoni pa kuweka mguu.

"Mkeo anauza nini?" ulimuuliza Sosteni.

"Hauzi kitu, Mama. Anawasaidia kuomba vyuo."

"Kwani wao hawana midomo ya kuomba?"

Nilikuwa na aibu kukueleza siku ile, wewe mama mkwe mgeni tena uko jikoni kwangu, kwa hiyo ulikaa karibu wiki nzima bila kujua mambo yalianzaje. Yalianza na kijana wa jirani. Alitaka kusomea ualimu wa hisabati, akaenda steshenari moja ya mjini ajaziwe maombi. Yule wa steshenari akamjazia ufugaji wa nyuki, eti huko nafasi zipo nyingi. Kijana akaja kwangu macho mekundu: "Mwalimu, mimi nyuki nawaogopa." Dirisha la maombi lilikuwa bado wazi. Nilikuwa na kompyuta ya kufanyia kazi za shule, tukakaa naye tukarekebisha. Mwaka uliofuata akaleta wenzake. Mwaka wa tatu wakaanza kuja wasionijua kabisa, watoto wa wakulima wa huku na watoto wa wafanyakazi wa miwa Kidatu, ambao wazazi wao walitoka kila kona ya nchi hii.

Wewe hukufurahi. Ulisema nyumba imegeuka stesheni. Ulilalamika kwamba wanamaliza maji ya mtungi na viatu vyao mlangoni vinanuka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri niwahamishie darasani shuleni. Lakini ikafika Jumamosi ile ya jogoo.

Uliamua mwenyewe kuwachinjia, maana ulisema huwezi kula wali huku watoto wa watu wanakutazama. Na kwa kuwa kati yao Waislamu walikuwa wengi, ulimwita Shabani, yule mrefu, mtoto wa mkata miwa aliyetokea Kigoma, ukamkabidhi kisu. Shabani alipiga bismillahi vizuri kabisa. Halafu akafumba macho. Mkono ukaanza kutetemeka, jogoo akajinasua, akaruka ukuta, na baraza lote likatoka mbio kumfukuza kwenye migomba ya jirani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukumfuata jogoo. Ulibaki na Shabani.

"Wewe si ndiye unayetaka udaktari?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na damu ya kuku inakutetemesha hivyo?"

Akainama. "Bibi, udaktari anautaka baba."

"Na wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza, Mama, hata mimi. Nilikuwa nimeangalia alama zake tu. Alisimama pale na kisu mkononi, akaanza kukusimulia mifereji ya mashamba ya miwa, jinsi alivyokuwa akiifuata utotoni kuona maji yanagawanyika wapi na nani anayafungulia. Alipokuwa anasimulia, mkono ulikuwa umetulia. Tulimpigia baba yake mchana huohuo nikamweleza habari ya uhandisi wa umwagiliaji. Mzee akasema, "Mwalimu, maji nayo ni kazi?" Kabla sijajibu ulininyang'anya simu.

"Baba Shabani, huo muwa unaoukata unakua kwa mate?"

Alicheka yule baba, akacheka, akasema mtoto aandike anachotaka. Jogoo alikamatwa, akachinjwa na jirani, tukamla kwa wali wa Mahenge.

Kuanzia siku ile ulileta kigoda chako barazani na hakuna kijana aliyenifikia mimi kabla hajapita kwako. Uliwauliza wakimaliza kusoma hicho wanachokitaka, asubuhi wakiamka watakwenda kufanya nini. Mmoja alikujibu kwamba atakuwa ofisini. "Ofisini unapika?" ukamuuliza. Alirudi kesho yake na jibu lililonyooka. Wenyewe kwa wenyewe walikuita Usaili, na ulipogundua hukukasirika. Uliniuliza tu kama usaili ni kitu cha kulipwa.

Sasa nifike kwa Leokadia, maana najua wifi keshaanza kuuliza.

Leokadia alikuwa binti wa Masagati, amepanga chumba mjini kwa ajili ya shule, mwembamba, msemaji wa chini chini, na kichwa kisicho na mfano kwenye baiolojia. Yeye damu haikumsumbua. Alikusaidia kutumbua lile jipu la mjukuu wako huku akimwimbia, ukaniambia jikoni, "Huyu asipokuwa daktari, hospitali zifungwe." Tukamwombea udaktari, akafunga mzigo, akarudi kwao kusubiri.

Majina yalipotoka nilipiga kelele peke yangu. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili! Lakini mwenye vyuo viwili hutakiwa athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake mwenyewe, na muda ukipita nafasi anapewa mwingine. Nikampigia. Namba unayopiga haipatikani. Nikapiga asubuhi, nikapiga mchana, nikapiga siku ya pili. Siku za kuthibitisha zilikuwa zinakwisha, na mimi nazunguka sebuleni na simu.

"Unazungukia nini?" uliuliza. "Masagati si mwezini."

"Mama, ni mbali. Mpaka Mlimba kwa gari, halafu juu huko kwa pikipiki."

"Kwani pikipiki inachagua umri?"

Asubuhi yake niliomba ruhusa shuleni tukaondoka. Mlimba tulipata vijana wawili wa bodaboda. Uliipanda pikipiki kama mtu aliyezaliwa juu yake, kitenge umekifunga kiunoni, rozari mkononi. Kwenye milima nilikuwa nyuma yenu, na nilikusikia ukimwambia kijana wa watu, "Mwanangu, mimi nasali, wewe shika breki. Tusibadilishane kazi." Tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi, nyusi hadi kope. Leokadia alikuwa anaanua mihogo mbele ya nyumba. Alitutambua kwa sauti yako.

Hakukimbia kuja. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo. Alikuja polepole, akaamkia, akasema simu ipo, ameizima. Habari za kuchaguliwa alishazisikia kutoka kwa mwenzake wa Mlimba.

"Baba hataki niende mbali," alisema.

Baba yake, Mzee Kaspari, alitukaribisha vizuri sana. Alituletea maji ya kunawa yeye mwenyewe. Tukala ugali na kambale, na hakuna aliyegusa habari ya chuo mpaka tulipomaliza. Kisha akatueleza bila hasira yoyote. Kaka yake Leokadia alikwenda mjini kusoma. Mwaka wa kwanza alipiga simu, mwaka wa pili mara chache, tangu hapo kimya, wanasikia tu kwa watu kwamba ni mzima. "Nilimsomesha nikampoteza," Mzee alisema. "Huyu ndiye nimebaki naye. Asome kozi fupi hapa Mlimba, nimwone."

Mimi nilikuwa na maneno tayari. Mishahara ya madaktari, uhaba wao bondeni kwetu, yote niliyazoea. Ulinigusa goti ninyamaze.

"Mimi wangu walinitoka wote," ulimwambia. "Nilikaa Mahenge nikiwasubiri, nimekasirika kabisa. Halafu nikachoka kukasirika nikawafuata. Sasa nakula kwao na nawagombeza kila siku. Na wewe utamfuata."

"Mimi huko mjini nikafanye nini, mama?"

"Ukakae kwenye kiti kizuri, unywe chai kwa daktari wako, useme sukari ni ndogo."

Mzee alitaka kujizuia, akashindwa. Alicheka huku amejifunika uso kwa kofia, na alipoishusha macho yalikuwa yamelowa. Akamgeukia bintiye. Hakumuuliza kama anataka kwenda. Alimuuliza, "Utapiga simu?"

"Kila Jumapili, Baba."

"Mtandao uko kule juu kilimani tu."

"Basi Jumapili uwe unapanda."

"Nitapanda," alisema, na akasimama hapohapo kama vile ndiyo Jumapili yenyewe.

Tulipanda sote. Mzee mbele, wewe umeshikwa mkono na Leokadia, wadogo zake nyuma, na majirani wawili watatu waliotaka kujua tunakwenda wapi. Juu kabisa kwenye jiwe Leokadia aliwasha simu. Ujumbe wangu wote wa siku zile uliingia kwa mkupuo, ukifuatwa na wa matangazo, na wa mitandao inayodai umeshinda bahati nasibu. Kila simu ilipolia, wewe uliuliza, "Ndiyo yenyewe?" Na ilipoingia ile namba ya siri, Leokadia aliisoma kwa sauti, mimi nikaiandika kwenye ukurasa wa chuo kwa vidole vyenye vumbi, tukabonyeza. Ukatokea mstari mmoja wa kijani.

Ulipiga vigelegele, Mama. Vilishuka bonde zima. Chini watu walitoka majumbani, na tuliporudi tulikuta akina mama wameshakusanyika wanauliza bwana harusi ametoka wapi.

Leokadia sasa yuko mwaka wa tatu. Mzee Kaspari hupanda kilima kila Jumapili baada ya misa, na siku hizi hapandi peke yake, kwa sababu na watoto wa wenzake wako vyuoni. Wamebeba hadi vigoda. Na mwaka jana, Jumapili moja, Leokadia alimtafuta kaka yake mjini, akampata, akampigisha simu kwa baba yao. Walizungumza nini sijui. Najua tu kwamba Mzee alichelewa kushuka.

Shabani naye yuko mafunzoni kwenye skimu moja ya mpunga, anazungusha maji ya watu. Anakusalimu.

Kwangu ni hivi. Mwezi wa nane Leokadia alikuja likizo, akashinda barazani na vijana wa mwaka huu akiwasaidia, amekaa palepale kwenye kona yako. Walipoondoka nikataka kufunga kompyuta. Akaivuta kwake.

"Mwalimu, na wewe tukuombee wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia stashahada yangu inanitosha, nina watoto, mume yuko kiwandani wiki nzima, na kichwa hiki kimeshazeeka. Alinisubiri nimalize. Kisha akaweka mkono kiunoni, akauliza kama wewe kabisa, "Huo uzee anautaka nani?"

Nilirudi kukaa. Halafu nilisema jambo ambalo hata Sosteni nilikuwa sijamwambia: natamani shahada ya jiografia, nijue kuchora ramani za bonde hili na mafuriko yake, nirudi nifundishe kidato cha tano na cha sita. Tukajaza pamoja. Mwajiri akaniruhusu. Na wiki iliyopita, nikiwa darasani kidato cha pili, ujumbe uliingia, nikapiga ukelele, watoto wakapanda juu ya madawati wakidhani nimeona nyoka.

Nimechaguliwa, Mama.

Nina furaha na nina hofu, na vyote vinaniamsha mapema. Sosteni ameshabadilishiwa zamu ili arudi nyumbani mara nyingi zaidi, na Leokadia na wenzake wamegawana baraza, kila mtu na mwezi wake. Leokadia alitaka kukupigia yeye akuombe uje utushikie nyumba. Nikamkataza. Hili nataka kuliomba mwenyewe. Wifi aliniambia mapacha wameshaanza kutembea na kwamba wewe umeshaanza kuulizia magari ya Ifakara. Njoo nao. Nyumba ipo.

Kila kijana aliyeondoka kwetu kwenda chuo ulimsindikiza hadi stendi. Hukulia hata mara moja. Ulikuwa unagonga ubavu wa basi kwa kiganja, ukimwambia dereva, "Huyo ni wa kwangu, endesha taratibu," na abiria wote wakageuka kumtazama huyo wa kwako ni nani. Basi langu linaondoka mwisho wa mwezi wa kumi. Nitakaa dirishani, upande wa stendi, na nitamwambia dereva asiwashe gari mpaka ugonge.

Ni mimi mkweo, mke wa Sosteni, niliyekuja kwako mgeni na sasa ni wa kwako.