Mlenda Niliouficha

Manyoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na miguu yako: imeacha kuuma? Na Bibi bado anakohoa? Mimi ni mzima, ila nanuka moshi siku nzima, maana kazi niliyopewa hapa zahanati ni kuwapikia watoto waliodhoofika.

Yupo mtoto anayeitwa Musa, wa miaka miwili, miguu imemvimba. Bibi Nesi, Mzungu anayetusimamia, alinifundisha chakula chake: maharage ya kuponda, yai na maziwa, bila chumvi. Nikapika kama nilivyoandika katika daftari. Musa akafunga mdomo. Siku tatu nilimbembeleza, akawa anatema tu. Mama yake akaanza kufunga mzigo arudi kwao.

"Binti," akaniuliza, "wewe mwenyewe umekionja?"

Sikuwa nimekionja.

"Basi kula wewe. Ukimaliza bakuli, nami nabaki."

Mama, kijiko cha tatu kilikataa kushuka. Yule mama akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo wake. Nikamwambia, "Nisubiri mpaka mchana."

Nilikwenda sokoni kutafuta mlenda mkavu, mboga yetu ile ya utelezi. Nikaupika kama wewe, kwa karanga za kusaga, ila magadi nikayaacha kwa kuwa nayo ni chumvi, na yai nikalikorogea humo humo. Nikasonga na ugali laini wa uwele. Bibi Nesi akanikuta jikoni. Akaonja.

"Chumvi?"

"Hakuna, Bibi."

"Yai?"

"Limo." Nilikuwa natazama chini.

"Basi mpe."

Musa alimeza, kisha akaushika mkono wangu akavuta kijiko. Leo ni wiki ya pili. Uvimbe unapungua, na mama yake bado yupo.

Mdogo wangu Anna, hapa msomee Mama polepole. Mama, ule mlenda uliokuwa ukiniletea bwenini kule shuleni, ukitembea na hiyo miguu yako, niliuficha chini ya kitanda ili wenzangu wasinicheke. Nilikuambia nimeumaliza. Sikuumaliza, uliota ukungu. Nisamehe.

Nisalimie Bibi, na baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na shangazi aliyenishonea gauni la safari. Lori likija huku, nitumie mlenda, mfuko mkubwa. Safari hii nitaula mezani, mbele ya watu wote.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Veronika