Ndege ya Papa Haina Bombe

Kalemie, siku ya Mungu, nimetoka misa sasa hivi

Papa wangu mupenzi,

Jambo Papa, na jambo Mama mwenye kukaa pembeni yako. Najua Héritier njo anakusomea, basi Héritier, mudogo wangu, soma polepole na usiruke mustari hata kama njaa inakuuma. Papa, macho yanasemaje? Yale matone ya dawa bado yanaunguza? Na magoti ya Mama, mvua ya Kamina imeyahurumia? Miye niko muzima kabisa. Nimenenepa hata, kosa la bukari ya muhogo na samaki wa ziwa, ile mikebuka ya huku.

Kwenye telefone uliniuliza, "Ndege yangu imefika wapi?" na rezo ikakatika kabla sijafungua kinywa. Leo nitakujibu bila kukatwa.

Papa, ndege yako imekwisha.

Ngoja nikuelezee ilivyokuwa, maana haikuwa mchezo. Siku uliponipa ile karton ya vipande vya ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha, uliniambia, "Mikono yangu inatetemeka, macho yanaingia giza. Wewe unachongea watu meno ya bandia, utashindwa na ndege?" Nikacheka. Ndani ya treni sikucheka tena. Kabla ya kufika Kabalo, muntu alikalia mufuko wangu, na kile kioo cha juu, kinachofunika rubani na mwanafunzi wake, kikapasuka katikati. Na nilipofungua karton huku nyumbani, nikaona joto la miaka yote uliyoiweka juu ya kabati lilikuwa limekunja tumbo la ndege. Vipande viwili vilikataa kukutana, kama watu waliogombania shamba.

Nilianza na tumbo. Nilivilaza vipande katika maji ya moto, nikavinyoosha kwa vidole, nikavifunga kwa mipira mpaka vikatii. Puani niliweka chubwi, zile risasi ndogo wavuvi wanazozamishia nyavu, maana bila uzito mbele ndege ingekalia mukia. Kioo nacho nilikitibu kama kinywa cha mugonjwa: nikaziba ufa kwa nta, nikamwaga plasta ndani, nikapata umbo lake, halafu nikalaza juu yake plastiki angavu ya moto na kuvuta hewa chini. Hivyo hivyo njo tunatengenezea kifuniko watu wanaosaga meno usingizini. Cha kwanza kilitoka na mapovu. Cha pili kilitoka safi, unaona rubani ndani na kofia yake. Hata daktari wetu wa meno aliacha mugonjwa kinywa wazi akaja kutazama.

Kwa rangi nilimuendea Papa Ramazani, muzee anayepulizia magari na pikipiki karibu na reli. Babu zake walikuja na biashara kutoka ng'ambo ya ziwa, naye bado anaongea Kiswahili cha kunyoosha mpaka unaona haya. Aliigeuza ndege mikononi, akaniuliza, "Mama, abiria wanapandia wapi?"

"Papa Ramazani, ni ya jeshi. Haina abiria."

"Basi tuipake rangi kijeshi."

Lakini mimi nilikuwa na haraka, na siku ile mvua ilikuwa inajikusanya. Akanikatalia. "Ziwa linatoa jasho leo. Rangi haipendi jasho." Nikambembeleza, akapuliza. Kabla hatujamaliza chai, kijani yote ilikuwa imepauka kama muntu aliyetembea katika unga. Ikabidi kuiosha yote na kuisugua kwa msasa. Papa Ramazani akaniletea mwenyewe maji na msasa, na njo kitu kilichoniuma zaidi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Nilipomaliza kusugua, nilifumba macho nikapitisha kidole juu ya bawa, nikijaribu kuwa wewe. Sikukuta kitu. Bawa lilikuwa laini kama yai. Ribiti zote, vichwa vya misumari inayoshika bati, zile chunusi ndogo zilizopangwa mustari kwa mustari, nilikuwa nimezifuta kwa msasa. Muntu mwenye macho angesema imependeza. Lakini wewe hutaiangalia, utaishika. Na vidole vyako vilikaa kwenye ribiti za ndege zile za jeshi ulizotengeneza maisha yako yote. Nilikaa chini, Papa, nikalia kidogo, halafu nikaamka nikanawa uso.

Kazini tuna utomvu tunaozibia meno, unakauka ukiumulikia taa ya buluu. Nilichukua sindano, nikachovya ncha, nikadondosha tone, nikamulika. Tone, nikamulika. Kila mchana wagonjwa wakiisha, ribiti zilirudi moja moja, tumbo, mabawa, mukia. Halafu tulingoja asubuhi kavu, yenye upepo wa kutoka milimani, na Papa Ramazani akapuliza tena kwa pistole yake ndogo ya kuandikia majina ya magari. Safari hii rangi ililala kama ngozi.

Bado jambo moja, na hili nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Kwa cabinet yetu ya meno kuna mama anayesafisha, Mama Furaha. Anakaa Katanika, katika nyumba za maturubai, tangu walipokimbia vita upande wa Niemba. Siku nilipokuwa natundika zile bombe, mabomu madogo ya plastiki, chini ya bawa aliingia na ufagio wake, akasimama.

"Hii njo ile inayoangusha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Siku ile tunakimbia, moja ilipita juu yetu. Hatukujua ni ya nani. Tulilala kifudifudi katika mihogo. Haikuangusha kitu, ilipita tu. Lakini mutoto wangu mpaka leo akisikia mungurumo anaingia chini ya kitanda."

Nilichukua kitambaa nifunike. Akanishika mukono. "Usifunike. Niache niizoee." Akasogea karibu, akainama. "Baba yako alikuwa anairusha?"

"Hapana, alikuwa anaitengeneza. Asubuhi anaikagua, jioni anaingoja."

Akainama zaidi, pua yake karibu kugusa kile kioo. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Kumbe ndani muna watu. Ile siku nilifikiri hamuna muntu."

Papa, baada ya kuondoka kwake nilizing'oa zile bombe. Najua maneno yako: ndege ya jeshi bila silaha ni simba bila meno. Basi mimi ni fundi wa meno na nimeamua. Nimeziba matundu ya chini ya bawa, nimeyasugua, nimeyapaka rangi, hata wewe hutayapata. Ukikasirika, kasirika siku moja, kesho yake uniite tuongee. Sitazirudisha.

Nitakuja nayo mwenyewe wakati wa likizo, treni ikikubali, na safari hii hakuna muntu atakayekalia kitu changu.

Musalimie Mama, mumuambie kitenge alichonitumia kimeshafika kwa mushonaji. Musalimie shangazi wa kwa mulango wa sokoni, na kaka mukubwa wa Lubumbashi akipiga telefone, na jirani yetu muzee wa kwaya aliyeniombea safari. Na wewe Héritier, asante kwa sauti yako, sasa nenda kula.

Papa, jana nilimuonyesha Mama Furaha ndege imekwisha. Aliizunguka mara mbili, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa chake, akaishusha polepole mpaka magurudumu yakagusa meza. "Wamefika," akasema.

Ni miye binti yako anayekupenda, kucha zimejaa kijani,

Espérance