Alama za Magoti Chini ya Benchi

4 Machi

Shemeji,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wachungaji watatu, makatibu wa kanisa hata idadi nimesahau, na dada yako, Mungu amrehemu. Mapaa mawili ya kanisa yameoza juu ya kichwa changu, mimi bado nimesimama. Hujambo? Mgongo unasemaje, na cherehani yako bado inakula sindano? Mimi mzima. Mguu wa kushoto umevimba kidogo, ila sitaki kuulizwa habari zake.

Nakuandikia kwa sababu kuna mtu anataka kazi yangu. Miaka arobaini na moja nafagia kanisa hili, nadeki, naosha vyoo, nagonga kengele. Kati ya walio hai hakuna anayejua kufagia kama mimi. Sasa wiki ya tatu hii, nafika alfajiri nakuta sakafu imeshadekiwa. Mabenchi yamefutwa. Vyoo vinanukia dawa. Ndoo zote mbili zimejaa maji. Na kufuli zima.

Nikamuuliza mchungaji, huyu mtoto wa juzi. Akacheka: "Mzee, labda ni malaika." Nikamwambia malaika hakamui tambara akalianika.

Hapo pana njama. Wanataka waseme mzee kachoka, lete ufunguo. Wakiuchukua, nikiamka asubuhi nitakwenda wapi?

Kesho namwaga majivu kanisa zima. Nyayo zitamtaja.

Shemeji yako,
Mzee wa Kengele

15 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Mgongo ni ule ule, na sindano mbili zimevunjika juzi.

Mtu anakuoshea choo, nawe unamtegea kama panya. Mwizi huondoka na kitu. Huyu anaondoka na uchafu wako. Unaogopa nini hasa?

Na mguu nauuliza, utake usitake. Umekwenda zahanati?

Majivu usimwage. Utayafagia mwenyewe.

Shemeji yako,
Mshonaji

26 Machi

Shemeji,

Salamu zako nimezipokea, na matusi pia. Mguu upo, umeshikana na paja kama zamani.

Majivu nilimwaga, tena nikayachekecha kwanza. Asubuhi sakafu yote safi. Lakini chini ya benchi langu, lile la nyuma karibu na kamba ya kengele, tambara halikufika. Pale nikakuta alama mbili za mviringo. Si nyayo. Nikazipima kwa kiganja. Ni magoti. Mtu alipiga magoti mahali pangu.

Kesho yake niliwahi, nikajificha nyuma ya kabati la kwaya. Akaingia kinyozi. Ndiyo, yule yule niliyemsimamisha mbele ya waumini miaka kumi na minne iliyopita, ilipopotea saa ya ukutani. Tangu siku ile hakuwahi kukanyaga ibadani.

Akapiga magoti kwanza. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Bwana, mguu wa yule mzee." Nikatoka na fimbo.

"Unatafuta nini humu?"

"Ndoo ya pili, mzee. Umeificha wapi?"

"Ufunguo kakupa nani?"

"Mchungaji. Nilimwomba nisali watu wasipokuwapo. Nikaona unavyochechemea na maji, nikasema nisikae bure."

Sasa niambie wewe unayejua kucheka. Mtu niliyemwita mwizi anauombea mguu wangu. Anauombea upone au ukatike? Nimebadilisha kufuli.

Shemeji yako,
Mzee wa Kengele

8 Aprili

Shemeji,

Salamu, halafu nyamaza unisikilize.

Dada yangu aliniambia wiki yake ya mwisho. Saa uliishusha mwenyewe siku ya kupaka chokaa, ukaifunga kwenye gunia, ukaisahau stoo. Ulipoiona ulikuwa umeshamtaja mtu. Ukaisukuma uvunguni mwa kitanda chenu, naye akalala juu yake mpaka akafa, huku anakusihi useme.

Kinyozi wateja walimkimbia. Nani atampa mwizi wembe na shingo yake? Nimenyamaza miaka sita kwa heshima ya marehemu. Wewe unalilia ufunguo usije ukachukuliwa. Cha kwake ulichochukua je?

Shemeji yako,
Mshonaji

20 Mei

Shemeji,

Wiki sita kimya. Hujambo? Kengele bado inagongwa? Nijibu hata mstari mmoja.

Mshonaji

2 Juni

Shemeji,

Usishangae mwandiko mzuri. Mkono unatetemeka, ila maneno ni yangu. Mguu umesafishwa zahanati na uvimbe unashuka.

Barua yako niliikalia. Nilisema mwanamke huyu ananichafua. Kisha siku moja, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha kufuli na hakuna wa kunijazia maji, nikaanguka na ndoo kwenye ngazi za kanisa. Aliyeniinua ni kinyozi. Alikuwa anasali pale nje, mlangoni. Akanivua kiatu, akaanza kuniosha mguu, nao ulikuwa unanuka.

Nikamwambia, "Usinioshe. Saa iko kwangu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mkeo alikuja kuniomba radhi kabla hajafa. Nikasema nitangoja useme mwenyewe."

"Mbona hukunitangaza?"

"Nilikutaja kwa Mungu kila siku. Mwanzoni nilikuwa nakulaani, sikufichi. Laana zikaisha, likabaki jina lako tu mdomoni. Nikaona niliombee."

Akaendelea kuosha.

Jumapili niliibeba saa mwenyewe mpaka mbele. Nikasema yote, gunia, stoo, kitanda, kwa sauti kubwa kuliko ya mchungaji. Sidhani kama kuna mtu amewahi kutubu vizuri kama mimi. Saa iko ukutani, inachelewa. Ufunguo tunao wawili. Yeye anadeki, mimi nakaa benchini namwonyesha alipopaacha. Bado namtazama. Mtu mwema kiasi hicho si wa kuachwa bila macho.

Ukiona natia chumvi, muulize mchungaji, aliyenishikia saa mikono ilipochoka. Waulize wanakwaya wa mstari wa mbele. Na hao usipowaamini, muulize kinyozi, maana kalamu hii kaishika yeye, na amekataa kuandika kwamba sikulia.

Shemeji yako,
Mzee wa Kengele