Programu Iliyonifia Mkononi

Mama Gaude, baridi ya Mwimbi inakuonea nikiwa mbali?

Hapa Chanji mjukuu wetu Yustina ametengeneza programu ya simu ya wakulima, na kesho anaileta huko kwenu. Akaniambia, "Babu, ijaribu kwa ubishi wako wote." Ikaniuliza shamba langu la ulezi lina mistari mingapi. Mistari gani, na ulezi tunautawanya kwa mkono? Nikaandika sifuri. Ikazimika papo hapo! Nikaanza kutafuta mlango nitoroke. Kumbe Yustina anacheka: "Afadhali imekufia mkononi mwako, babu, kuliko Mwimbi nzima!"

Sasa anairekebisha, nami nawashwa kujua itasemaje nikiandika umri wangu ni miaka mia tatu.

Wewe huniita mharibifu. Huku nimechinjiwa kuku kwa kazi hiyohiyo. Jifunike vizuri, mpenzi.

Mharibifu wako