Kadi Zinasema Saa Sita

Dada Mwihaki,

Huko Doha shika kiti! Ijumaa naolewa na Mungai wangu, kanisani Jamhuri, saa nane. Kwenye kadi nimeandika saa sita, maana unawajua watu wetu wa Mountain View kwa kuchelewa, na jam ya magari barabara ya Waiyaki Way. Gauni limenikaa vizuri ajabu!

Baba bado hamtaki Mungai. Aliapa hatakanyaga harusini, nami nikaacha kumbembeleza.

Jana nikipiga pasi, akasimama mlangoni.

"Ijumaa jam huwaje?"

"Mbaya, Baba. Ukitoka saa nne utawahi."

"Basi nitatoka saa tatu."

Dada, niliunguza shuka! Saa ya kweli sikumwambia. Acha awe wa kwanza kufika.

Mdogo wako mwenye furaha,
Waithera